Swali la lugha: "Meli ya matanga ya mbao", cha mbao ni kipi?

Msomaji anauliza: "Natengeneza kwa mkono modeli ya HMS Victory. Nimeandika: 'Najenga modeli ya meli ya kivita ya kihistoria ya matanga ya mbao.' Kila nikiisoma, naona haijakaa sawa. Kosa liko wapi? Na je, nisiseme 'kiolezo' badala ya 'modeli'?"

Kosa liko kwenye hizo "ya" tano. Kwa kawaida Kiswahili hutuokoa kwa upatanisho wa ngeli: ukisikia "cha", unajua kinachosemwa si meli. Hapa bahati mbaya modeli inachukua "ya", meli "ya", na matanga nayo, kwa kuwa ni wingi wa tanga, "ya" vilevile. Msomaji akifika kwenye "mbao" anaishika na jina lililo jirani, na chombo chako kinapata matanga ya mbao. Kingeelea, lakini kisingekwenda.

Dawa ni kusogeza sifa karibu na mwenyewe: "modeli ya mbao ya manowari ya matanga". "Manowari" inameza "meli ya kivita" nzima, nasi tunaokoa "ya" moja. Siku hizi neno hilo huleta picha ya chuma na makombora, ndiyo maana "ya matanga" lazima ibaki. "Ya kihistoria" ningeifuta. Ukishataja Victory, iliyoshushwa majini mwaka 1765 na kubeba bendera ya Nelson, amiri wa Uingereza, kwenye vita vya majini vya Trafalgar mwaka 1805, historia imeshajitaja.

"Kiolezo" hapana. Kiolezo ni kile unachofuatisha: ile karatasi yenye umbo la taruma (mti uliopinda wa kiunzi cha chombo) unayoibandika juu ya plaiwudi, ukapitisha msumeno pembezoni mwa mstari. Ukiita chombo kizima kiolezo, utakosa jina la karatasi. "Kielelezo" kinakubalika, tena kina faida ya ngeli: "kielelezo cha mbao cha manowari ya matanga", hapo hakuna wa kubabaika. Hata hivyo ni neno la darasani mno kwa kitu cha kuweka kabatini. Mimi ningebaki na modeli.

Sasa kitenzi. "Kujenga meli" utalisoma kila siku magazetini na sitaligombania, ila nyumba hujengwa, chombo huundwa. Ukishika "kuunda", msamiati wa waundaji unakuja wenyewe: unalaza mkuku, yaani mti wa chini kabisa wa chombo, unasimamisha mataruma juu yake, kisha unafunika ubavu kwa fito za mbao. Fito ya omo, yaani mbele ya chombo, huloweshwa maji ya moto kwanza ili ipinde bila kuvunjika, na huchongwa ipungue upana kuelekea mwisho, maana pale mbele hakuna nafasi ya fito zote kufika na upana wao kamili.

Juu ya sitaha maneno ya jahazi yanatosha, na ni uvivu tu kuyakopa upya. Ule mti uliochomoza mbele ni mlingoti wa maji. Mdogo wa nyuma ni wa galme. Mti unaobeba tanga ni foromali. Jahazi huwa nayo moja kwa kila tanga, imeinama, ilhali Victory ina kadhaa zilizokingama kwenye kila mlingoti. Umbo limebadilika, kazi ni ileile.

Kama skeli yako ni 1:72, isome "moja kwa sabini na mbili". Sitaha ya mizinga ya Victory, yenye urefu wa takriban mita 57, kwenye meza yako itakuwa kama sentimita 79. Usiseme modeli ni "mara 72 ndogo". Sema imepunguzwa mara 72.

Angalizo moja dogo: ukimaliza kazi ya juu, usimwandikie rafiki "jana nimemaliza matanga". Atakujibu "pole sana" na kuuliza nani amefariki. Sema umeshatweka matanga.