Tromsø Februari, utabiri Kp 2 kila siku: tufute safari au twende?

Mkuu, usifute. Umeuliza kama kuna maana ya watu wanne kwenda Tromsø, Norway, kutazama taa za kaskazini (aurora) katikati ya Februari kwa siku nne, na gari la kukodi, wakati programu ya simu inaonyesha Kp 2 mwanzo hadi mwisho. Hiyo Kp 2 isikutie hofu. Kp ni kipimo cha dunia nzima cha jinsi uga wa sumaku ya dunia ulivyotikisika ndani ya saa tatu. Wanaohitaji namba kubwa ni walio kusini zaidi, kama Berlin au London. Tromsø iko karibu nyuzi 70 kaskazini, chini ya mkanda wenyewe ambako taa za kaskazini huonekana zaidi, na hata Kp 1 au 2 inatosha kuziona kwa macho. Kp ikipanda sana mkanda unasogea kusini, kwa hiyo siku hiyo tazama na upande wa kusini.

Kinachowanyima watu taa hizi kule ni mawingu. Hilo gari mlilokodi kazi yake kubwa ni kuyakimbia.

Kila jioni fungua yr.no, huduma ya taasisi ya hali ya hewa ya Norway, uangalie mawingu saa kwa saa, siyo ile picha moja ya siku nzima. Linganisha sehemu tatu: Tromsø iliyo pwani, Skibotn iliyo bara zaidi, na Kilpisjärvi, ng'ambo ya mpaka wa Finland. Mawingu ya chini yanaziba kila kitu. Yale membamba ya juu, aurora inapenya. Upepo ukitoka baharini, unyevu unagonga milima ya Lyngen, yenye kilele cha mita 1,834, theluji inamwagika upande wa bahari, na hewa inayovuka kwenda bara inakuwa imekauka, ndiyo maana anga ya Skibotn huwa wazi mara nyingi. Chuo Kikuu cha Tromsø kina kituo cha kutazama anga hapohapo Skibotn. Upepo ukitoka mashariki mambo hugeuka: bara linaweza kufunikwa huku pwani ikiwa wazi, na hapo kisiwa cha Kvaløya, jirani tu na mji, kinawatosha.

Njia ya bara ni barabara ya E8 hadi Nordkjosbotn, unazunguka hadi Skibotn, kisha unapanda hadi Kilpisjärvi, Finland. Ni kama kilomita 160. Kwa barabara ya theluji hesabu saa tatu. Mkikuta anga imefunguka Skibotn, simameni hapo, hakuna sababu ya kupanda. Kumbuka saa ya Finland iko mbele ya Norway kwa saa moja, usije ukakuta duka limefungwa.

Muda mzuri ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba. Mkiwa tayari mmesimama, angalia Bz, namba inayoonyesha kama sumaku iliyobebwa na upepo wa jua (chembe zinazotoka kwenye jua) inaelekea kaskazini au kusini. Ikiwa hasi, yaani kusini, tuseme nanotesla -5, na ikakaa hivyo nusu saa au zaidi, usiingie kulala. Setilaiti zinazopima ziko kama kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Upepo wa jua ukienda kilomita 400 kwa sekunde, unachokisoma sasa kinafika baada ya saa moja hivi. Kwangu Bz ina faida kuliko utabiri wowote wa siku tatu.

Sasa barabara, na hapa naomba usome taratibu. Wageni wanaogopa nyuzi -25, lakini kinachoangusha magari zaidi ni nyuzi 0. Theluji ya baridi kali ni kavu, tairi linashika. Karibu na sifuri barafu inakuwa na utando wa maji juu, na pwani ya Tromsø hukaa hapo mara nyingi: mvua mchana, barafu usiku. Omba matairi ya misumari. Katika mkoa wa Troms yanaruhusiwa kuanzia 16 Oktoba hadi 30 Aprili. Punguza mwendo kabla ya kona, usipige breki ndani ya kona. Theluji ikianguka kwa wingi zima taa full, zinakurudishia ukuta mweupe machoni. Usisimame pembeni ya barabara kupiga picha: ukingo unaonekana mgumu kumbe ni theluji laini juu ya mtaro, na gari linalala ubavu. Tafuta kibao cha P, cha maegesho. Kile cha M ni cha magari kupishana, usiegeshe.

Mkinasa kwenye theluji na mnataka hita, kwanza shuka ufukue bomba la moshi. Likizibwa, moshi unaingia ndani na gesi ya kaboni monoksidi inaua bila kunuka. Bebeni koleo, kamba ya kuvutia gari, waya za kubustia betri, maji ya vioo yasiyoganda na blanketi. Tanki lisishuke chini ya nusu. Kukiwa na baridi kali usivute hendibreki usiku kucha, inaweza kuganda. Acha kwenye gia, au P kwa gari la otomatiki, sehemu tambarare.

Kamera: tripodi, f/2.8 (tundu la lenzi liwe wazi), ISO 1600 (wepesi wa kamera kwa mwanga), picha ya sekunde 8. Taa zikianza kucheza haraka shuka hadi sekunde 2 au 3 na upandishe ISO, la sivyo mikunjo yote inakuwa ukungu wa kijani. Fokasi iwe ya mkono, juu ya nyota angavu. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani. Kabla ya kurudi garini ifungie kamera kwenye begi, kwa sababu joto la ghafla linajaza lenzi umande.

Mavazi: sufu mwilini, siyo pamba, maana pamba hushika jasho. Buti ziwe kubwa kidogo. Soksi mbili zikibana damu, vidole vinaganda mapema.

Mwisho, pata kibali cha maandishi kutoka kwa kampuni ya kukodi gari cha kulivusha kwenda Finland. Viza ya Schengen inawatosha kote, lakini Norway haimo Umoja wa Ulaya, hivyo forodha wanaweza kuwasimamisha. Pasipoti ziwe garini.