Faini Nyingi za Maegesho Chuoni Zinaepukika

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mjumbe wa kamati inayosikiliza rufaa za faini za maegesho katika chuo kikuu nilichokuwa nafundisha. Wanafunzi, wahadhiri, wafanyakazi na wageni, wote walipita mbele yetu na karatasi zao mkononi, wengine wamekasirika kweli kweli. Naandika haya kwa ajili ya anayeanza chuo au kazi ya chuoni akiwa na gari au pikipiki, kwa sababu wengi wa watu wale walitozwa kwa mambo ambayo wangeyajua mapema kama wangetenga robo saa kusoma kanuni za chuo.

Kinachowachanganya watu zaidi ni kibali. Mtu analipa, anabandika stika kwenye kioo, kisha anaamini kwamba chuo kimemtengea nafasi. Sivyo. Kibali ni ruhusa ya kutafuta nafasi katika eneo fulani, kwa saa fulani. Vyuo vingi hutoa vibali vingi kuliko nafasi zilizopo, kwa kuwa wenye vibali hawafiki wote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kauli ya "nimelipia na kumejaa, nifanyeje?" haikumwokoa mtu hata mmoja mbele yetu. Kibali chenyewe huwa kinajibu swali hilo: kimeandikwa ni eneo gani jingine unaruhusiwa kwenda eneo lako likijaa. Lijue eneo hilo kabla ya siku ya kwanza ya masomo, na ulifikie mara moja kwa gari ukiwa huna haraka, ujue geti lake liko wapi na kutembea kutoka pale hadi darasani kunachukua muda gani.

Uhaba huu wala si wa chuo chako peke yake. Mwaka 1963 Clark Kerr, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha California, alisema chuo kikuu cha kisasa unaweza kukiona kama mkusanyiko wa wahadhiri, kila mmoja na shughuli zake, wanaounganishwa na lalamiko moja tu, nalo ni la maegesho. Katika kampasi ya Berkeley ya chuo hicho hicho, mshindi wa Tuzo ya Nobel hutengewa nafasi ya kuegesha gari, na watu huiona kuwa heshima kubwa. Ikiwa nafasi ya gari hugawiwa kama nishani, basi jua kwamba hutaipata mlangoni pa ukumbi wa mihadhara saa tatu asubuhi.

Ushauri wangu kwa hilo ni mmoja: egesha mbali, utembee. Anayezunguka mara nne akivizia nafasi karibu na jengo lake huchelewa kuliko aliyekwenda moja kwa moja kwenye maegesho ya mwisho, tena huyu wa pili hufika akili imetulia.

Kwenye kibali angalia pia namba ya gari. Siku hizi vyuo vingi vinaachana na stika. Mkaguzi anapita na kamera inayosoma namba, na mfumo unasema gari hili lina kibali au halina. Mwanafunzi mmoja alipigwa faini mfululizo huku amelipa kila kitu. Tulipoifungua rekodi yake tukakuta kwamba wakati wa kujisajili aliandika herufi O mahali pa sifuri. Faini tulizifuta, lakini alikuwa amehangaika muhula mzima. Kwa hiyo soma namba uliyoandika herufi kwa herufi, ukiwa umesimama mbele ya gari lenyewe. Ukiazima gari la ndugu yako kwa sababu lako liko gereji, lisajili siku hiyo hiyo. Vyuo vingi vinaruhusu kuongeza namba ya muda. Na mahali ambapo magari yana namba nyuma tu, mara nyingi ni marufuku kuingia kwenye nafasi kinyumenyume, kwani kamera haitaona kitu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hadi leo linanikereketa. Pembeni ya nafasi ya mtu mwenye ulemavu kuna sehemu iliyochorwa mistari ya mshazari. Watu wanaiona kama nafasi iliyobaki bure, hasa wenye pikipiki na vigari vidogo. Sehemu ile ndiyo inayomwezesha mtu kuingia na kutoka kwenye gari lake. Anayetumia kiti cha magurudumu lazima afungue mlango mpaka mwisho, akishushe kiti, akisogeze sambamba na gari, akifunge breki, kisha ajihamishe kwa nguvu za mikono. Kama gari lina rampu ya pembeni, anahitaji nafasi zaidi, maana rampu ikishashuka kiti nacho lazima kipate pa kugeukia. Viwango vya Marekani vinataka sehemu hiyo iwe na upana usiopungua takriban mita 1.5, na hakuna hata sentimita moja iliyowekwa kwa mapambo.

Tuliletewa rufaa ya mwenye pikipiki aliyesema hakumzibia mtu, kwa kuwa nafasi yenyewe ilikuwa na gari la mtu mwenye ulemavu na yeye aliegesha kwenye mistari tu. Mwenye gari hilo alikuja kutueleza upande wake. Alitoka kwenye mtihani akakuta pikipiki imekaa pale pale mlango wake unapofungukia. Mvua ikaanza. Hakuweza kuingia kwenye gari lake mwenyewe, na hakuweza kuisogeza pikipiki. Alikaa kwenye kiti chake akilowa mpaka mwenye pikipiki alipotokea. Rufaa tuliikataa, na ningeikataa tena leo bila kusita. Usisimame kwenye mistari ile hata kwa dakika moja, hata ukiwa umebaki ndani ya gari.

Njia za zimamoto nazo ni hivyo hivyo. Gari la zimamoto lina upana wa kama mita mbili na nusu, lakini lenye ngazi ndefu hutoa miguu ya chuma pande zote mbili ili lisipinduke ngazi inaponyanyuliwa. Njia ambayo gari dogo linapita bila shida inaweza isitoshe kwa kazi hiyo. Mabweni ndiko watu huzoea kuziba njia hizi, hasa siku ya kuhamia, kila mmoja akishusha magodoro na mabegi. Chuo hutenga sehemu na saa za kushushia mizigo. Uliza mapema, shusha, kisha ondoa gari kabla hujaanza kupanga chumba.

Taa za hazadi hazihalalishi chochote. Nimesikia utetezi huo mara nyingi sana: "niliwasha hazadi, nilikuwa naenda kuchukua kitu mara moja tu." Taa zile ni za kutahadharisha wenzako kwamba gari limepata tatizo. Mkaguzi akikuta zinawaka kwenye mstari uliokatazwa, anaandika faini kama kawaida, na kamati itamuunga mkono.

Kuhusu mwendo, kampasi si barabara kuu. Kipindi kinapoisha, kumbi kadhaa hufunguka kwa pamoja na mamia ya watu humwagika barabarani, wengi wakiwa na hedifoni masikioni na macho kwenye simu. Unaweza kuwalaumu, lakini wewe ndiye uliyekalia tani nzima ya chuma. Gari la kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. La kilomita 20 hupita mita tano na nusu hivi. Dereva aliye makini huhitaji kama sekunde moja tangu aone mtu mpaka mguu ufike kwenye breki, na kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka kama mara nne. Mimi nilikuwa napanga kuingia au kutoka wakati vipindi vinaendelea, barabara ikiwa nyeupe. Na gari la mbele likisimama kwenye kivuko, usilipite hata kama huoni sababu ya kusimama kwake. Sababu huwa ni mtu aliyefichwa na gari hilo, na atatokea mbele yako kufumba na kufumbua.

Wenye baiskeli na skuta za umeme, kanuni zinawahusu pia. Msizifunge kwenye vyuma vya kushikilia ngazini wala kwenye rampu, kwa sababu asiyeona hushika chuma kile ili kujiongoza.

Ukishapigwa faini unayoamini si halali, usiondoe gari kwanza. Piga picha: gari lote na mistari iliyo chini, kibao kilicho karibu zaidi, halafu picha ya mbali inayoonyesha kibao kinavyoonekana ukitokea upande uliotokea wewe. Rufaa nyingi zilizofaulu kwetu zilikuwa na picha. Dereva mmoja alituonyesha kwamba kibao cha marufuku kilifunikwa kabisa na tawi la mti; faini ikafutwa, na tukawaandikia watu wa bustani walikate. Mwingine alileta risiti ya mashine ya kulipia iliyochapwa saa isiyo sahihi. Lakini "nilikuwa nimechelewa mtihani" haikupita, wala "kila mtu huegesha pale", wala barua ya kurasa tatu ya kumtukana mkaguzi. Andika kwa ufupi: lini, wapi, kifungu gani unadai hukukivunja, na ushahidi wako ni upi.

Angalia tarehe ya mwisho ya kukata rufaa siku ile ile unayopata karatasi, kwani muda huwa ni mfupi na baada ya hapo kamati haina mamlaka hata kama una haki. Uliza pia kama faini inaongezeka wakati rufaa yako inasubiri kusikilizwa, vyuo vinatofautiana. Rufaa ikikataliwa, lipa mapema. Vyuo vingi huzuia usajili wa muhula unaofuata au cheti cha matokeo kwa mwenye deni, na nimewaona wahitimu wakikimbizana na ofisi ya fedha kwa deni dogo la maegesho huku mwajiri akisubiri matokeo yao.