Unaanza kuwasoma Wagnostiki? Pita njia hii kwanza

Nyie mnaoanza theolojia au historia ya kanisa mtafika tu kwa Wagnostiki, makundi ya karne za mwanzo za Ukristo, na mtapewa sentensi moja, eti walikuwa wazushi waliosema mwili ni mbaya na wokovu ni maarifa ya siri, basi unakariri, unaijaza kwenye mtihani, maksi unapata ila watu wenyewe hujawajua.

Cha kwanza angalia nani anaongea. Kwa karne nyingi karibu kila tulichojua kuwahusu kilitoka kwa wapinzani wao, hasa Irenaeus wa Lyon (Wakatoliki mnamjua, Mtakatifu Irenei) aliyeandika mwaka 180 hivi. Mchukue Basilides wa Alexandria, mmoja wa walimu wao, enzi za kaisari Hadrian. Irenaeus anadai jamaa alifundisha kwamba aliyesulubiwa ni Simoni Mkirene, Yesu kasimama pembeni anacheka. Ukija kwa Hippolytus, mpinzani mwingine wa upande wa kanisa, unakutana na Basilides mwingine kabisa, wa Mungu ambaye hata huwezi kusema yupo, na mbegu iliyobeba ulimwengu wote. Sasa nenda kwa Klementi wa Alexandria, mwalimu wa kanisa, huyu ananukuu maneno ya Basilides mwenyewe, na humo unamkuta mwalimu anayehangaika na swali ambalo kila mchungaji keshaulizwa msibani, kwamba Mungu mwema anaachaje watu wake wateseke, na anasema yuko tayari kusema lolote lile ila sio kwamba Mungu anatenda ubaya. Mimi naanzia hapo kwa Klementi, hao wawili nawasoma baadaye.

Halafu tafuta barua ya Ptolemaeus kwa mama mmoja anaitwa Flora. Fupi, jioni moja umemaliza. Huyu ni mfuasi wa Valentinus, yule msomi kutoka Misri aliyefundisha Roma katikati ya karne ya 2. Anaichambua Torati kwa utulivu kabisa: kuna ya Mungu, kuna aliyoongeza Musa mwenyewe, kuna ya wazee wa Wayahudi, na ushahidi wake ni maneno ya Yesu kuhusu talaka kwenye Mathayo 19. Aliyetoa sheria kwake sio Mungu mkamilifu na wala sio shetani, ni muumbaji wa kati. Unaweza kumkatalia, mimi mwenyewe simkubali, lakini usiniambie hawa hawakusoma Biblia, maana hata ufafanuzi wa kwanza wa Injili ya Yohana tunaoujua ni wa Heracleon, wa kundi hilohilo.

Vitabu vya Nag Hammadi, vilivyopatikana Misri 1945, usivikimbilie kwa sababu ya video za "siri zilizofichwa na kanisa". Wengi wanavamia Injili ya Tomaso wakati wataalamu wenyewe wanabishana kama ni ya Kignostiki. Anza na Apokrifo ya Yohana (kitabu kimojawapo humo, kinachosimulia uumbaji kwa namna yao), weka pembeni Mwanzo 1 mpaka 3 na Timaeus, kitabu cha Plato kuhusu ulimwengu ulivyoumbwa, utaona vimeshikana wapi. Na sio kanisa tu lililogombana nao, Plotinus, mwanafalsafa ambaye hakuwa Mkristo, aliwaandikia kuwapinga kutoka Roma, na mwanafunzi wake Porphyry akataja vitabu walivyotumia, Zostrianos na Allogenes, na vitabu vyenye majina hayohayo vimo kwenye mzigo wa 1945.

Marcion, yule wa karne ya 2 aliyemtenga Mungu wa Agano la Kale na Baba wa Yesu, mwekee faili lake, wengi wanamchanganya humu. Na kama umepania kufika mbali, Kigiriki pekee hakitoshi, anza mapema Kikopti, lugha ya Misri ambayo vitabu vya Nag Hammadi vimeandikwa.