Tezo ya gamba la bahari: kwa nini makali yako yanapukutika

Mkuu, umeuliza kwa nini tezo yako ya gamba (kifaa cha kuchongea mti, makali yake yakikingama na mpini) inapukutika makali kila ikigusa mti, na kama kweli watu wa kale walichonga mitumbwi kwa vitu hivi. Walichonga. Visiwa vya matumbawe kama vile vya Marshall, kule Pasifiki, havina mawe magumu ya volkano, hivyo mafundi walitengeneza tezo kwa kombe lile kubwa mno, Tridacna.

Shida yako naiona kwenye picha uliyonitumia: umenoa makali membamba kama ya kisu cha chuma. Gamba ni tabaka juu ya tabaka za madini yaleyale ya chokaa, zimegandishwa kwa protini kidogo. Ufa ukianza, tabaka hizo huukatiza njia. Ukinoa hadi kubaki utando, hakuna cha kuukatiza. Mimi huacha makali manene, pembe ya nyuzi 50 hivi, na bado yanakata vizuri tu.

Halafu gamba lenyewe. Lililopigwa na jua ufukweni hadi likajaa vitobo, achana nalo. Ligonge kidogo usikilize: zima hulia, bovu hutoa sauti butu. Kwenye kombe, unene uko karibu na bawaba. Kwa konokono wa bahari, chukua mdomo wa nje wa aliyekomaa.

Usilipasue kwa nguvu ukidhani ni gumegume. Punguza kingo kwa kugongagonga kidogo kidogo, kisha saga juu ya jiwe la mchanga, maji yakiwepo muda wote. Gamba ni laini kuliko chembe za mchanga, kwa hiyo linalika, ila taratibu. Ukiwa na haraka hii kazi haikufai. Maji si ya kulainisha tu, huzuia na vumbi. Vumbi la gamba ni baya kwa mapafu, na wanaotumia mashine kavu bila barakoa wananishangaza.

Kwenye kutumia, usilitwishe gamba kazi yote. Mwingereza Thomas Harriot, katika maelezo yake yaliyochapwa mwaka 1590, anaeleza wenyeji wa pwani ya Amerika iliyoitwa Virginia wakati huo wakitengeneza mitumbwi: wanachoma gogo kwa moto, wanakwangua mkaa kwa magamba, wanachoma tena. Moto ndio unaokula mti. Nami hufanya hivyo hata kwa bakuli dogo, ila nasubiri makaa yazime kwanza, maana gamba likipata joto kali hugeuka chokaa. Tezo yenyewe naiwekea mti mbichi, mapigo mafupi, nikifuata nyuzi za mti.

Kuhusu swali lako la mwisho, la kuagiza Tridacna kutoka nje: jamii hiyo iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwenye orodha yake ya Kiambatisho cha II, kwa hiyo haivuki mpaka bila kibali. Kwa kujifunzia, konokono mnene anatosha.