Simba wanne mfululizo: jibu kwa aliyeuliza kuhusu kurusha shilingi

Ndugu yetu ameuliza iwapo shilingi kumi ya Kenya, yenye simba upande mmoja na ngao upande wa pili, ikirushwa mara nne, kutoka simba, simba, simba, simba ni jambo adimu kuliko kutoka simba, ngao, ngao, simba. La hasha. Iwapo sarafu haina hitilafu, kila mfuatano kati ya hiyo miwili una uwezekano wa 1/16, kwa sababu mrusho mmoja hauuathiri mwingine, nasi tunazidisha 1/2 kwa 1/2 mara nne.

Kinachotuchanganya ni kwamba tukiona simba wawili na ngao mbili tunahesabu idadi, wala hatutazami mpangilio. Mipangilio yenye simba wawili na ngao mbili ni 6 kati ya 16, ilhali wa simba watupu ni mmoja tu.

Nililifahamu jambo hili vizuri zaidi nilipomfundisha mtoto wa ndugu yangu, tukiwa tumeketi barazani hapa Lamu baada ya alasiri. Yeye alirusha, nami nikaandika S na N daftarini. Simba alipotoka mara tano mfululizo, aliikamata sarafu kiganjani akaniambia, "Ami, sasa ni ngao, lazima." Akarusha, na kweli ikatoka ngao. Furaha yake ilinipa kazi kubwa, maana ni vigumu kumsahihisha mtu aliyebahatisha. Sikubishana naye. Nilimpa kalamu ya risasi, nikamwomba apitie kurasa zote, azungushie kila mahali penye SSS, kisha ahesabu herufi iliyofuata. S na N zilikaribiana sana. Akalitazama daftari kwa muda mrefu, kisha akahesabu upya mwenyewe bila kuambiwa, na hapo nikajua ameelewa.

Asione haya aliyekosea. Mwaka 1754 d'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, aliandika kuwa uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja katika mirusho miwili ni 2/3. Alihesabu matokeo matatu kana kwamba yana uzito sawa: kichwa mara ya kwanza, kichwa mara ya pili, au kukikosa kabisa. Lakini la kwanza lina uzito wa 1/2, na mengine mawili 1/4 kila moja. Jibu ni 3/4.

Ila iwapo ulikusudia kuuliza utarusha mara ngapi hadi mfuatano fulani utokee, hilo ni swali jingine, na hapo mifuatano hailingani. Kwa wastani, simba-simba hungojewa kwa mirusho 6, na simba-ngao kwa mirusho 4. Anayengojea simba-simba, akishapata simba kisha ikatoka ngao, huanza upya kabisa. Anayengojea simba-ngao, simba akijirudia, hapotezi kitu, kwani simba huyo wa pili bado anamfaa, naye amebakiza ngao moja tu.