Walimu wapya wa fizikia, maji ya Mwanza hayachemki mia

Jana napita dirishani kwa maabara namsikia kijana wa ajira mpya anawafokea Fomu Two, "maji yanachemka mia, nani kawaambia 96?" Nikarudi stafu kimya, maana huyo kijana ni mimi wa miaka kumi na nne iliyopita. Wadogo zangu, someni hii kabla hamjasahihisha.

1. Azimio la kazi na andalio la somo andikeni mapema, wadhibiti ubora hawapigi hodi.

2. Mita briji, kile kifaa cha kupimia ukinzani kwa waya wa mita moja, mtoto asiburuze joki, ile ncha ya kugusia, kwenye waya, aguse ainue. Waya ukishakwanguka unakonda sehemu, majibu yanapinda mwaka mzima na we unalaumu betri.

3. Themomita. Hapa kaeni vizuri.

Nilikuwa na miezi minne kwenye ukuu wa idara, idara yenyewe watu watatu ila nilivimba utadhani nimepewa mkoa. Tunatafuta apa fiksidi pointi, yaani alama ya themomita pale maji yanapochemka, vikundi saba, vyote vinaleta 96, kimoja 95 na nusu. Nikajua wamedesa. Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono, "sa, tumechemsha mara tatu." Nikamwambia kaa chini, nikawachapa sifuri kundi zima, wino mwekundu wa kukandamiza. Haikutosha, nikaenda kwa mkuu wa shule nikamwambia themomita zetu zimekufa zote, tukamega hela ya kemikali za praktiko za Fomu Four tukaagiza themomita 12. Zikaja Januari. Nikachemsha mwenyewe, mlango nimefunga.

96.

Jamani ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko ya Dar so maji hayasubiri mia, kila ukipanda mita 300 hivi unapoteza kama digrii moja. Na hiyo presha ya anga nilikuwa nimeifundisha mimi mwenyewe, kwa chaki, darasa hilohilo! Nikamuuliza mzee wa maabara, mbona hukusema? Akanijibu, "Ticha, nilidhani unatafuta tu njia ya kununua."

Yule binti alikuwa ameshaingia Fomu Three na fizikia kadropu, yuko atsi. Nikamfuata nikamwomba radhi mbele ya wenzake, akacheka, "haina shida sa." Ilikuwa na shida.

4. Ukipewa cheo mzee wa maabara ndo umuulize kwanza, mkuu baadaye. Na funguo ya stoo muwe nayo wawili, mimi niliwahi kuvuka nayo Kamanga naenda msibani Sengerema, kumbe asubuhi hiyo ni praktiko ya moko, nimeshuka tu kwenye kivuko simu zinaingia mfululizo, ah, hiyo siku nyingine.

We kijana wa jana, karatasi za Fomu Two bado ziko mezani kwako, nimeziona. Usizirudishe, njoo nazo tuzipitie kabla ya kipindi cha tatu.