Swali la lugha: "Mkufunzi wa mapema wa mpira wa miguu wa chuo"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea elimu ya michezo hapa Morogoro, na nimepewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili maisha ya kocha mmoja wa Marekani. Nimeanza hivi: "Amos Alonzo Stagg alikuwa mkufunzi wa mapema wa mpira wa miguu wa chuo. Alifundisha Chicago kwa miaka 41, akastaafu mwaka 1932." Mwenzangu anayetoka Kenya anasema hapo hakuna kosa. Mimi kila nikirudia kusoma naona kuna kitu kinanikwaruza. Kiko wapi?

JIBU: Marahaba. Sikio lako halijakudanganya. Kila neno ulilotumia ni la Kiswahili, lakini ukiyaweka pamoja msomaji wa Morogoro anapata mtu mwingine kabisa, si Stagg.

Tuanze na "mapema", maana ndilo linalokwaruza zaidi. Mapema ni habari ya saa. Tukisema mgeni kaja mapema, kuna muda uliopangwa naye kautangulia. Kocha wa mapema basi ni yupi? Anayefika uwanjani kabla ya wachezaji? Wewe ulitaka kusema kwamba Stagg alifundisha wakati mchezo wenyewe, futiboli ya Kimarekani (jina lake tutalifikia), ndio kwanza unatafuta sheria zake. Alizaliwa mwaka 1862 West Orange, New Jersey, akaucheza Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 1889 akatajwa katika kikosi cha kwanza kabisa cha wachezaji bora wa vyuo wa nchi nzima. Mwaka uliofuata alikuwa tayari anafundisha timu Springfield, Massachusetts, kwenye chuo cha YMCA, chama cha vijana wa Kikristo. Huyo ni mmoja wa makocha wa mwanzo. Wala usikimbilie "kocha wa zamani". Fungua kurasa za michezo leo uone: "kocha wa zamani wa Yanga" ni yule aliyeondoka, hata kama kaondoka mwezi uliopita. Habari ya enzi haimo.

Sasa mkufunzi. Hapa ndipo wewe na mwenzako mnapopishana, na wote wawili mna haki. Kenya watangazaji wengi husema "mkufunzi wa timu ya taifa" na kila msikilizaji anamwona mtu amesimama kando ya uwanja, filimbi shingoni. Tanzania neno hilo lina kiti chake tayari. Mkufunzi ni anayefundisha chuoni, hasa vyuo vya ualimu. Akipanda chuo kikuu anaitwa mhadhiri. Kwa hiyo ukiandika "mkufunzi wa chuo", msomaji wa hapa anaona mtu mwenye chaki na daftari la mahudhurio. Mpira unaokuja nyuma yake hauwezi tena kumtoa darasani. (Na usilichanganye na mkurufunzi, ambaye ndiye anayefunzwa kazi.)

Kwa mtu mwingine ningesema weka "kocha" tukaendelea. Kwa Stagg nataka uweke kocha kwa makusudi, ukijua unachokiacha, kwa sababu alikuwa na vyeo vyote viwili. William Rainey Harper, rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, alipomchukua mwaka 1892 hakumpa timu peke yake. Alimfanya profesa mshiriki na mkuu wa idara ya elimu ya viungo, akiwa na haki za mwalimu wa kudumu. Kwa kocha wa zama zile hilo lilikuwa jambo geni. Ukimwita mkufunzi, Mtanzania atadhani unataja cheo chake cha darasani, na hata hicho utakuwa umekishusha. Sema kocha pale unapozungumzia timu, sema profesa mshiriki pale unapozungumzia ajira yake, na maisha yake yatasomeka vizuri.

Na mwalimu je? Wachezaji wetu humwita kocha "mwalimu" mchana kutwa, kama ulivyoniita mimi, na sioni ubaya. Ni neno la heshima. Lakini kaa nalo mbali na neno chuo. Pwani, tangu Lamu hadi Kilwa, chuo ni mahali mtoto anapoanzia alifu, na mwalimu wa chuo ni yule anayemsomesha Kurani. Bibi yangu alikuwa akisema "mtoto kaenda chuoni", na mtoto mwenyewe alikuwa na miaka sita, juzuu kwapani. Msomaji wa aina hiyo ukimpa "mwalimu wa chuo" halafu ukamletea mpira, atasimama arudi nyuma ya sentensi. Andika vyuo vikuu, kwa ukamilifu wake.

Kabla sijaliacha neno kocha: wingi wake ni makocha, lakini upatanisho ni wa viumbe. Tunasema kocha wetu, kocha huyu, makocha hawa. Nimesikia vijana wakisema "kochi wetu". Kochi ni la sebuleni, nalo ni kochi letu. Kazi yenyewe inaitwa ukocha, neno zuri ambalo watu wanalisahau wanapohangaika kutafsiri maisha ya kazi ya mtu. Ukocha wa Stagg ulianza Springfield. Maisha yake ya ukocha yalivuka miaka 50. Huhitaji kingine.

Twende kwenye mpira wa miguu. Kiswahili kinapoupa mchezo wa mpira jina hutazama kile macho yanachokiona. Kuna mpira wa wavu, mpira wa pete, mpira wa magongo, mpira wa mikono. Tazama mpira wa kikapu, ambao unamhusu Stagg mwenyewe. Pale Springfield alikuwa na James Naismith, aliyekuwa mchezaji wake wa futiboli, na mwishoni mwa mwaka 1891 Naismith akabuni mchezo wa kutupia mpira kwenye vikapu vya matunda vilivyotundikwa kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi. Machi 1892 walimu na wanafunzi wakaucheza mbele ya watazamaji kwa mara ya kwanza. Walimu walifungwa 5 kwa 1, na hilo moja alilifunga Stagg. Mtu asiyewahi kusikia habari zake akiambiwa "mpira wa kikapu" anapata picha papo hapo.

Kwa kanuni hiyohiyo, mchezo ambao Stagg aliufundisha hauwezi kuitwa mpira wa miguu. Mpira wake una umbo kama la yai. Hubebwa kwapani, hurushwa kwa mkono, na mguu huguswa nao mara chache tu. Kinachofanana na soka ni wachezaji 11 kila upande, na kufanana huko ndiko kunakompoteza msomaji zaidi. Ukimwambia kwamba Chicago ilitwaa ubingwa wa ligi yake ya vyuo vikuu mara 7 chini ya Stagg, atahesabu magoli. Kandanda haikusaidii, maana kandanda kwetu ni soka ileile. Andika "futiboli ya Kimarekani" mara ya kwanza, weka sentensi moja ya kuueleza mchezo, kisha endelea na "futiboli" peke yake hadi mwisho.

"Alifundisha Chicago" ni fupi mno. Alifundisha nini, mji? Na kwa kuwa kweli alikuwa mwalimu chuoni hapo, utata unakuwa mara mbili. Weka kitendwa, yaani kile kinachofundishwa, na kiwakilishi chake ndani ya kitenzi: aliifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Chicago. Utakutana pia na "aliinoa timu". Nalipenda. Linanikumbusha mnoa visu anayepita mitaani, baiskeli kaisimamisha, gurudumu la jiwe linazunguka kwa miguu yake na cheche zinaruka. Lakini kisu hunolewa kikaisha. Kunoa kunafaa kwa kikosi kinachoandaliwa kwa mechi au msimu, hakufai kwa kazi ya miongo minne. Halafu, miaka 41 au misimu 41? Toa 1892 kwenye 1932 upate 40. Alichotimiza ni misimu 41, na msimu ndio kipimo cha kocha.

Neno la mwisho ndilo ninalokuomba ulishughulikie kwa huruma. Umesema "akastaafu". Anayestaafu ameweka chini kazi yake mwenyewe. Stagg alifikisha miaka 70, chuo kikamwambia umri wake umefika, naye hakutaka kuondoka. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hilo: alistaafishwa. Silabi moja tu imeongezeka, na tayari msomaji anajua nani alifunga mlango. Pia anaelewa kwa nini mwaka 1933 mzee huyo alikuwa Stockton, California, akifundisha timu ya College of the Pacific, na kwa nini mwaka 1943, akiwa na miaka 81, alichaguliwa kocha bora wa mwaka. Alikaa pale hadi 1946, kisha akaenda kumsaidia mwanawe aliyekuwa kocha Pennsylvania. Alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 102.

Mimi ningeandika hivi: "Amos Alonzo Stagg alikuwa miongoni mwa makocha wa mwanzo wa futiboli ya Kimarekani katika vyuo vikuu. Aliifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Chicago kwa misimu 41, tangu mwaka 1892 hadi alipostaafishwa mwaka 1932 akiwa na miaka 70, kisha akahamia California kuendelea na ukocha."